Jina la Fumo

Fumo ni jina la kiume ambalo siku hizi ni nadra kusikika katika pwani ya Kaskazini, hali zamani lilitajwa kwa heshima Pate na Witu. Wengi hulifasiri kuwa ni mkuki wa bapa pana, maana neno hilo lina maana hiyo pia. Lakini maana ipatanayo na historia ni ile ya mfalme au mkuu. Katika Kikongo na Kichewa, mfumu ni mkuu. Katika Kinyarwanda, umupfumu ni mpiga ramli. Basi asili yake yaelekea kuwa ya Kibantu, wala si ya Kiarabu.

Hapo kwanza Fumo kilikuwa cheo kitangulizwacho mbele ya jina: Fumo Liyongo, shujaa mshairi, Fumo Madi, aliyetawala Pate mwishoni mwa karne ya 18, na Fumo Bakari, ambaye mji wake wa Witu uliteketezwa na Waingereza mwezi wa Oktoba, 1890. Jina la enzi halikuwa la kila mtoto. Enzi ilipoondoka, likapungukiwa na warithi. Majina kama Ali na Bakari yalidumu, kwa kuwa yalishikamana na dini. Kwa hiyo, alielezaye Fumo kwa mkuki peke yake hufuta ushahidi wa utawala ulioitwa kwa neno la wenyeji wenyewe.