Kidole cha Mzee na Tembe Mbili za Asubuhi

Mwaka niliowacha chuo nikarudi nyumbani Nakuru, nilimpata mzee wangu hawezi kuvaa kiatu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimefura, chekundu, na shuka ikikigusa tu anapiga mayowe. Huku Langa Langa hukumu ilikuwa imeshatoka: mzee anapenda nyama, sasa gauti imempata. Mamangu akaanza kumpikia sukuma kila jioni, na majirani wakawa wanamtania. Mzee alinyamaza, ameona aibu kwa kosa ambalo sidhani alilifanya. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Nyama kwetu ilipikwa wageni wakija.

Kitu alichokuwa anakula kila siku ni tembe mbili za maumivu ya kichwa, na chai ya asubuhi. Kidole kilipoanza kuuma, akaongeza mbili za jioni.

Gauti, ambayo kamusi zinaita jongo, inaletwa na asidi ya yuriki. Mwili unaitengeneza kila siku na figo zinaitoa kwa mkojo. Ikizidi kwa damu, inaganda kwenye viungo kama vipande vidogo vya kioo. Nyama na pombe huiongeza, ni kweli. Lakini watu wengi wanaipata kwa sababu figo haziitoi vya kutosha, na hapo ndipo historia ya tembe inaingia.

Mwaka 1763, kasisi Mwingereza Edward Stone aliandika kwamba unga wa maganda ya mti wa willow unatuliza homa. Karne iliyofuata wanakemia wakapata salisileti, dawa ya ukoo huo, na mwaka 1877 daktari Germain Sée wa Paris akawapa wagonjwa wa jongo kwa vipimo vikubwa. Ikawasaidia. Mwaka 1897, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, akatengeneza aspirini safi, na mwaka 1899 ikaingia sokoni. Mwaka uliofuata, reli ikafika Nakuru.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Waingereza na Wajerumani wakapigana hadi huku Afrika Mashariki, na aspirini ya Ujerumani ikakatika katika himaya ya Uingereza. Huko Melbourne, mfamasia George Nicholas na mwenzake Henry Woolf Smith wakafaulu kuitengeneza mwaka 1915. Miaka miwili baadaye wakaiita Aspro. Hiyo ndiyo iliyokuja kujaa kwenye maduka yetu wakati wa ukoloni. Mpaka leo mzee wangu anaita dawa yoyote ya kichwa "Aspro", hata kama pakiti ina jina lingine.

Sasa sikiza. Mwaka 1959 huko New York, Ts'ai-Fan Yü na Alexander Gutman walionyesha kwamba dawa hii ina sura mbili. Kwa kipimo kikubwa sana, kama gramu 5 kwa siku, salisileti inasukuma asidi ya yuriki nje. Kwa kipimo kidogo, gramu 1 au 2, inafanya kinyume: figo zinaizuia ndani. Tembe ya kawaida ya aspirini ina miligramu 300. Piga hesabu: mbili asubuhi, mbili jioni, ni gramu 1.2. Mzee alikuwa anatibu kidole kwa kitu ambacho huenda kilikuwa kinakiwasha. Mwaka 2014, watafiti wa Boston waliripoti kwamba hata aspirini kidogo ya siku mbili tu iliendana na mashambulizi zaidi kwa watu ambao tayari wana gauti.

Siwezi kuapa kwamba ni tembe peke yake. Mzee pia anameza dawa ya presha ya kukojoza, na hizo nazo zinapandisha asidi hiyo. Lakini kwa miezi yote ile tuliuliza tu amekula nini. Mtu wa kwanza kuuliza amemeza nini alikuwa klinikofisa mmoja kijana, na alihitaji dakika moja tu.

Usikimbie kutupa dawa. Kama daktari amekupa aspirini ya moyo, usiiache bila kumuuliza. Mshtuko wa moyo ni mbaya kuliko kidole. Panadol ni parasetamo, haiko kwa ukoo huu. Lakini tembe nyingi za kichwa zinazouzwa dukani mbili mbili zimechanganya aspirini, parasetamo na kafeini, na ukiuziwa zikiwa zimekatwa huoni karatasi ya kusoma. Itisha pakiti.

Mzee sasa anavaa kiatu. Dawa za kichwa za kila siku aliacha kwa ushauri wa yule klinikofisa, na presha wakambadilishia. Wiki iliyopita mamangu alipika nyama, hakukuwa na mgeni. Akamwekea kipande kikubwa kwenye sahani, hakusema kitu. Mzee akakila chote.