Oberon na kiti cha majini

Wandugu, hadisi ya Huon wa Bordeaux ilitungwa Ufaransa katika karne ya 13. Mimi niliisoma nikifikiri ni mambo ya majini tu. Kumbe ni siasa.

Huon anamuua mutoto wa mufalme Charlemagne, aliyemutegea njiani. Anafukuzwa, na ndugu yake mwenyewe anamunyanganya udongo. Anayemuokoa ni Oberon, mufalme wa majini. Tena Oberon, angali muzima, anamuahidia Huon kiti chake.

Juu ya nini mapema hivi? Hugues Capet alichaguliwa na wakubwa wa inchi mwaka 987. Kiti kilikuwa kingali chepesi, njo mwaka ule ule akamuvalisha taji mutoto wake Robert. Wazao wake wengi walifanya vile, mpaka Philippe wa Pili, aliyevalishwa 1179 baba yake angali hai. Philippe mwenyewe hakuona tena haja: ukoo ulikuwa umekomaa.

Ila Capet alitafuta damu yake. Oberon alimuchagua mugeni, tena aliyevunja amri zake mara nyingi. Siye katika chama, tunatayarisha nani? Ao tunangoja kiti kibaki wazi njo tugombane?