Shahidi na mfiadini

Makanisani tunasikia "Mashahidi wa Uganda" na pia "wafiadini", kana kwamba ni mamoja. Lakini mfiadini hutaja kifo, na shahidi hutaja ushuhuda uliotangulia kifo. Naona shahidi ndilo neno zito zaidi, na kesi ya Stefano inaonyesha sababu. Katika Matendo ya Mitume, mashahidi wa uongo wanamshtaki barazani kwamba anapinga Hekalu na Torati. Kisha mashahidi wanaweka nguo zao miguuni pa kijana Sauli na kumpiga mawe. Katika sura ya 22, Sauli huyo huyo, sasa Paulo, anamwita Stefano shahidi. Kigiriki kinatumia neno lile lile, martys, kwa pande zote mbili.

Mtu atauliza: neno moja litawabebaje msingiziaji na msingiziwa? Si afadhali mfiadini, lisilo na utata? Hoja ina nguvu, ila utata huo una faida. Ari ya dini walikuwa nayo wote, hata Sauli aliyewatesa waumini kwa bidii. Kufia jambo hakulifanyi kuwa kweli, wala kulitetea kwa mawe. Neno shahidi linatulazimisha kupima kilichosemwa. Stefano alijibu shtaka kwa hoja, akianzia kwa Ibrahimu, na akafa akiwaombea wauaji wake. Vivyo hivyo, Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa mashahidi tangu walipokataa kuikana imani yao, kabla moto haujawashwa.