Nakala Iliyobaki: Diski Ngumu na Kumbukumbu za Kampala

Filamu mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Wakaliga, kitongoji cha watu wa kipato cha chini hapa Kampala, haipo tena katika hali yake ya mwanzo. Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali kabla ya kuanzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, aliitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Inasemwa kwamba gharama zake hazikufika dola 200 za Marekani. Aliihariri kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, kisha akafuta faili zake ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Tunachokitazama leo ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kushangilia kama wafanyavyo ma-VJ katika vibanda vyetu vya video. Filamu isiyo na VJ haipatikani.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuueleza upotevu wa kumbukumbu kwa vita na moto. Moto tunaujua vizuri: usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere liliungua, na nyaraka za ofisi zilizokuwemo zikateketea. Wakaliga hapakuwaka moto. Kilichopungua ni nafasi kwenye diski.

Miaka hiyo inahitaji kuelezwa. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalishuka sana, mabwawa ya Jinja yakazalisha umeme haba, na mgao ukawa jambo la kila siku mjini. Intaneti nayo ilipitia satelaiti na bei yake ilikuwa ya watu wachache. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 tu. Kwa hiyo mpiga picha, kwaya au mchungaji wa Kampala aliyerekodi kazi yake katika miaka hiyo hakuwa na mahali pengine pa kuiweka isipokuwa diski ngumu moja, kwenye kompyuta ambayo umeme wake ulikatika bila taarifa na kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, orodha ya faili huweza kuvurugika. Ukirudi kwa nguvu kupita kiasi, huunguza bodi yake. Hata diski iliyoponea yote hayo huchakaa, kwa kuwa ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele.

Mjomba wangu alikuwa akipiga video za harusi na kwanjula tangu mwaka 2007. Mwaka jana diski yake ya gigabaiti 500 ilianza kugonga: tik, tik, tik, kisha kimya. Ndani yake mlikuwa na sherehe za familia nyingi, na wazee wengi waliozungumza katika sherehe hizo wamekwisha kufariki. Jirani alishauri tuiweke kwenye friji. Ushauri huo umeenea sana mjini, nami nauona wa hatari, maana diski ikitolewa kwenye baridi hupata unyevu ndani. Tuliipeleka kwa fundi mmoja wa Wandegeya. Alisikiliza sekunde chache, akachomoa waya. “Mzee, usiiwashe tena nyumbani,” alimwambia mjomba. “Kila ukiiwasha unaimaliza.”

Hakujaribu kuitengeneza. Alisema kwanza tuinakili yote, nzima na mbovu, kwenye diski nyingine mpya, kisha uokoaji wote ufanyike kwenye nakala. Alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka zile zinazokwama; zile ngumu huzirudia baadaye, kidogo kidogo, wakati mengi yamekwisha kuokolewa. Pia huandika ramani ya ilikofika, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoachia. Sijui kama walioibuni walikuwa wakiufikiria mji wetu, lakini umeme ulikatika mara tatu katika siku nne za kazi hiyo na hatukupoteza kitu.

Sehemu kubwa ilinakiliwa, ila orodha ya faili ilikuwa imeharibika. Fundi akatumia programu nyingine, PhotoRec, ambayo haitegemei orodha. Hutambua video au picha kwa alama zilizo mwanzoni mwa faili yenyewe. Tulipata mamia ya faili, na badala ya majina zilikuwa na herufi f na tarakimu. Majina ya maharusi na tarehe havikuwepo tena, na video nyingine zilikatika katikati ya hotuba.

Hapo ndipo nilipozikumbuka picha za UBC. Mwaka 2015 ziligunduliwa negativu zipatazo 70,000 kwenye kabati la shirika hilo la utangazaji, nyingi za enzi ya Idi Amin. Kuanzia 2018 zikaanza kuchanganuliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan na cha Australia Magharibi, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Serikali ilipiga ilichotaka kionekane, kwa hiyo mateso ya miaka ile hayaonekani sana humo. Hata hivyo negativu ilikaa kabatini miongo minne, na mtu akiinua dhidi ya taa anaona sura. Bahasha zake zilikuwa na maandishi ya tukio na tarehe. Diski ya mjomba ilidumu miaka kumi na michache, na bahasha ndiyo iliyokufa kwanza.

Ilibidi tuandike bahasha upya. Mjomba aliwaita shangazi zangu wawili, tukakaa sebuleni Jumapili tano mfululizo. Waliwatambua watu kwa rangi ya gomesi, kwa mahema, kwa mchumba aliyekuja kuachana na mkewe baadaye (habari hiyo ilichukua nusu saa). Nilikuwa naandika. Jambo lililonishangaza ni kwamba familia kadhaa tulizozipigia simu zilikuwa bado na DVD walizouziwa siku zile, nyingine zimekwaruzika lakini zinacheza, na kwa DVD hizo tukajaza hotuba zilizokatika. Kama Wakaliga, kilichobaki ni kile kilichokwisha kuuzwa.

Mpaka sasa faili 41 hazijapata wenyewe. Moja ni ya dakika saba: mzee mwenye kanzu na koti la kijivu anataja ukoo wake, babu zake mmoja baada ya mwingine, na picha inavunjika vipande anapofika kwa wa nne. Sauti inaendelea. Shangazi mkubwa ameisikiliza mara mbili, akasema lafudhi ni ya Masaka, na mwezi ujao anakwenda huko kwenye mazishi akiwa nayo kwenye simu.