Hotirodi na Ratirodi

Hotirodi ni gari la zamani la Kimarekani, aghalabu Ford la kabla ya mwaka 1949, lililopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu ya injini ili likimbie kuliko lilivyotoka kiwandani. Ratirodi ilizuka baadaye kutoka katika ufundi huohuo, ila yenyewe huachwa makusudi na kutu, mabaka ya praima na makovu ya kuchomelea.

Ufundi huu ulikulia kusini mwa California katika miaka ya 1920 na 1930. Vijana wasio na fedha nyingi walinunua Ford Model T na Model A zilizochoka, wakang'oa madigadi na bampa, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, likiwemo Muroc, ambako ardhi ni ngumu na tambarare. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association ili kusimamia upimaji wa mwendo.

Gari lililotukuzwa kuliko yote ni Ford ya 1932. Mwaka huo Ford ilitoa injini ya V8 ya lita 3.6 na nguvu-farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Injini hiyo ilikuwa na ila yake: vali zake zilikaa ndani ya bloku, na moshi ulipita humohumo kabla ya kutoka nje, hivyo maji yalichemka upesi. Mafundi waliipenda hivyohivyo. Walibadilisha vichwa vya silinda, wakaongeza kabureta, na baadhi yao, kama Vic Edelbrock, wakageuza utundu wa gereji kuwa biashara ya spea. V8 ndogo ya Chevrolet ilipoingia sokoni mwaka 1955, ile ya Ford ilianza kuachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorejea nyumbani waliupanua mchezo huu. Jarida la Hot Rod lilianza mwaka 1948, mashindano ya kila mwaka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, yakafuata mwaka 1949, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha National Hot Rod Association, kwa sehemu ili kuwaondoa vijana kwenye mbio za barabarani.

Kazi inayompima fundi wa bodi ni kushusha paa. Nguzo za madirisha hukatwa kipande, paa likateremshwa na kuchomelewa upya, na vioo vikakatwa kufuata kimo kipya. Penye nguzo zilizosimama wima kazi ni nyepesi. Zikiwa zimelala, ncha zilizokatwa hazikutani tena, na fundi hulazimika kulipasua paa lenyewe na kuliongeza bati.

Kufikia miaka ya 1980 hotirodi nyingi zilikuwa zimegeuka mapambo ya gharama kubwa, yenye rangi inayong'aa kama kioo, yakibebwa kwa trela kwenda maonyeshoni. Ratirodi ilikuja kupinga hali hiyo. Mwenye nayo huokota bodi kwenye chuma chakavu, akaipachika injini yoyote iliyopatikana, akaiweka chini karibu iguse lami, na kuiendesha. Wapenzi wake hudai kwamba wameurudia uasili. Dai hilo ni kweli nusu tu: vijana wa zamani walitumia vipuri vya kuokota kwa kukosa fedha, na waliyapaka magari yao rangi safi kila walipoweza. Kutu kama urembo ni jambo jipya, na siku hizi wapo wanaoiiga kwa dawa na rangi, kwa gharama isiyo ndogo.

Lawama kubwa zaidi inahusu usalama. Fremu iliyochomelewa ovyo, breki dhaifu na usukani uliolegea vimewafanya mafundi wengi wa hotirodi kuikataa ratirodi. Sheria za ukaguzi wa magari nchini Marekani hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo gari linaloruhusiwa barabarani upande mmoja wa mpaka linaweza kuzuiwa upande wa pili.