Mwanya Ubaki

Babu yangu mzaa baba, mtu wa Siaya, aling'olewa meno sita ya mbele ya chini akiwa kijana. Hakuwa mgonjwa, wala hakupigana na mtu. Alikuwa anaingizwa kwenye utu uzima wa Kijaluo. Desturi hiyo inaitwa nak, na fundi wake, janak, alifanya kazi kwa chuma na bila ganzi. Wamaasai nao waling'oa mawili ya chini, Wakamba wakachonga ya juu mpaka yakawa na ncha. Wazee watakwambia pengo lilisaidia kumlisha mgonjwa wa pepopunda taya zikikaza. Huenda. Mimi naamini zaidi sababu ile nyingine: ukifungua mdomo, watu wajue wewe ni wa nani.

Mimi mjukuu wake navaa alaina. Ni ganda la plastiki jembamba, linaloonekana kama kioo, lililotengenezwa kwa umbo la meno yangu, ila si vile yalivyo leo. Ni vile yanavyotakiwa kuwa wiki ijayo. Ujanja wote uko hapo. Ganda linasukuma jino karibu robo milimita, mfupa unamumunyika upande unaobanwa na kujijenga upande wa nyuma, kisha unavaa ganda linalofuata. Yangu ni 26. Na meno yaliyonipeleka kwa daktari, yaliyobanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni, ni yale yale sita ya chini. Janak angeyamaliza asubuhi moja.

Sheria ni saa 22 kwa siku. Mbili zinazobaki ni za kula, kunywa na kupiga mswaki, na hapo ndipo utajua Wakenya tunakunywa chai ngapi. Chai ya moto inapinda plastiki na rangi yake inabaki, kwa hivyo kila kikombe ni safari: toa alaina (mate yanavutika kama mrenda, wenzako wanaangalia kando), ziweke kwenye kijisanduku, kunywa, piga mswaki, rudisha. Siku ambayo ofisi haina maji, napigia mswaki parking na chupa ya nusu lita kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Mandazi ya saa nne nimeacha, si kwa sababu ya afya, bana, ni uchovu tu. Ganda likiwa jipya, mahindi choma ni adhabu. Wiki ya kwanza "sasa" ilikuwa inatoka "thatha". Na kila anayevaa hizi kitu ana hadithi ya rafiki aliyezifunga kwa tishu kibandani, akaenda kunawa mikono, akarudi kumkuta mama ameshapanguza meza.

Lakini nani aliamua meno yanyooke?

Kutamani kuyasogeza ni kwa zamani sana. Celsus, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika kwamba jino jipya la mtoto likiota vibaya lisukumwe kila siku kwa kidole. Kipimo tunachotumia leo, hata hivyo, kina mwenyewe: Edward Angle, Mmarekani, ambaye mwaka 1899 aliyapanga makosa ya mdomo katika madaraja matatu, na mwaka uliofuata akafungua shule ya kufundisha kazi hiyo. Alishikilia kwamba mdomo mzuri ni ule wenye meno yote, kila moja mahali pake, na alipotafuta mfano wa uso uliokamilika alielekeza kidole kwa Apollo, sanamu la marumaru lililoko Vatican. Fikiria hiyo. Wakati mmoja, kando ya Ziwa Victoria mdomo ulikamilika kwa kupunguzwa sita, na Marekani ulikamilika kwa kubaki na yote. Kila upande ungemhurumia mwenzake. Ya Angle ndiyo iliyopata vyuo na vitabu. Ya babu ilikutana na misheni na shule, ikafifia, na baba yangu hakung'olewa hata moja.

Plastiki ilikuja polepole. Mwaka 1945 daktari Mmarekani, Harold Kesling, alikata meno ya mfano wa plasta, akayapanga upya kwa nta, akatengenezea juu yake kifaa cha mpira cha kumalizia kazi ya waya. Aliona hata wakati huo kwamba vifaa kadhaa vikifuatana vingeweza kusogeza meno mbali zaidi, ila nani angekaa kuyapanga kwa mkono kila hatua? Jibu lilikuwa kompyuta. Mwaka 1997 wanafunzi wawili wa biashara kutoka Stanford, Zia Chishti na Kelsey Wirth, walianzisha kampuni ya Align Technology. Chishti alikuwa amenyoosha meno akiwa mtu mzima na kubaki na kifaa cha kuyashikilia. Aliona akikiacha meno yanateleza, akikivaa yanarudi. Mwanzoni vijana wa Lahore, Pakistan, walikaa mbele ya skrini wakisogeza meno ya Wamarekani. Baada ya Septemba 11, 2001, kazi ikahamishiwa Costa Rica. Mwaka 2017 hataza kadhaa za kwanza zikaisha muda, kampuni nyingine zikamiminika, na ndiyo maana leo mtu wa mkopo wa sacco kama mimi anaweza hata kuuliza bei.

Daktari wangu alinionyesha video ya meno yangu yakitembea. Ya chini yakapangika safi. Kisha ya juu mawili ya katikati yakasogeleana, yakagusana, na mwanya wangu ukapotea.

Mwanya ule ni wa mama. Mama ni mtu wa Mombasa, na kwao huo haukuwahi kuwa kasoro. Ni urembo, watu wanauombea mabinti zao. Hakuna aliyeniuliza kama naupenda. Aliyetengeneza mpango, popote alipo, aliona nafasi akaifunga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa.

"Daktari, huu tusiuguse."

Akaniangalia kidogo. "Una uhakika? Watu wengi huja kuufunga."

"Ni wa familia."

Akacheka, akafungua fomu. Kumbe kuna sehemu kabisa ya kuandika nafasi ipi iachwe. Akaongeza kwamba mwanya ukifungwa una tabia ya kujifungua tena, na ningevaa kifaa cha usiku miaka na miaka kuuzuia. Mpango mpya ulirudi baada ya siku chache.

Sasa niko ganda la 11. Jana mama alinipigia kwa video, hakuuliza habari ya kazi.

"Hebu cheka nione, mwanangu."

Nikatoa alaina, nikacheka.

"Upo," akasema, akaendelea kukuna nazi.