Baiskeli ya Kukatwa Mshahara

Juma hili nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Hata hivyo sitasema juu ya tairi wala spoku, maana hayo mafundi wetu wa Mfaranyaki wanayajua kunizidi. Nataka kusema juu ya mshahara unaoinunua baiskeli hiyo, na juu ya mkasi unaopita katika mshahara kabla haujafika mkononi mwa mwenyewe.

Mwalimu mmoja kijana, anayetoka Lizaboni kila asubuhi kwenda kufundisha nje ya mji, aliniuliza hivi: "Mzee, nasikia Uingereza mfanyakazi anapewa baiskeli na mwajiri wake, anakatwa kidogo kidogo, na serikali inamsamehe kodi. Mbona sisi hatuna?"

Nilimjibu kwamba kukatwa mshahara si jambo geni huku kwetu Ruvuma. Lililo geni ni hilo la serikali kusamehe. Na ili tujue kama utaratibu huo ungetufaa, hatuna budi kwanza tukumbuke mshahara wa babu zetu ulishikwa na nani, na kwa sababu gani.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba. Miaka michache baadaye vikaja Vita vya Maji Maji, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, akanyongwa pamoja na wenzake wengi. Nchi ilibaki na njaa, na kodi ikabaki palepale. Waingereza walipotwaa utawala nao waliendelea kudai kodi, na fedha haikuotea mashambani. Vijana wa Kingoni na wa Kindendeuli wakafunga safari, wengi kwa miguu, kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Songea ikawa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Hao ndio walioitwa manamba.

Mwenye shamba hakulipa kwa siku wala kwa juma. Alilipa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku kazi ikimalizika, kadi ilitiwa alama. Ukiugua, hakuna alama. Ukishindwa kumaliza kiasi ulichopimiwa, hakuna alama. Kadi ikijaa ndipo unalipwa. Kwa maneno mengine, jasho la mwezi mzima na zaidi lilikaa mikononi mwa bwana kwanza, likimkopesha yeye bila riba.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, waliona jambo kubwa zaidi. Walioandikishwa na WENELA kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini walizuiliwa sehemu ya mshahara wao hadi warudi nyumbani. Serikali ya kikoloni iliupenda utaratibu huo, maana ulihakikisha kwamba mtu anarudi, fedha inaingia nchini, na kodi inapatikana. Tusiseme haukuwa na faida kwa mchimbaji mwenyewe. Wengi walirudi na cherehani, na mablanketi, na baiskeli, vitu ambavyo pengine wasingevipata kama fedha yote ingepita mikononi mwao huko ugenini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho kilikuwa na mfuniko, na ufunguo wa mfuniko alikuwa nao mwingine.

Na baiskeli ikifika kijijini haikuwa mchezo. Raleigh iliyotengenezwa Nottingham ilikuwa mali ya kutajwa katika posa. Ilibeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya misheni Peramiho, ikabeba gunia la mahindi kwenye keria, na bwana harusi akaipanda huku ameifunga vitambaa kwenye usukani. Serikali nayo haikuiacha ipite hivi hivi, kwani baiskeli ililipiwa leseni kila mwaka. Angalieni basi jinsi mambo yalivyokuwa: mtu aliondoka nyumbani kwa sababu ya kodi, akarudi na baiskeli, na baiskeli nayo ikadaiwa.

Baada ya Uhuru mkasi ulibadilika mshiko. Mtumishi wa serikali, kama vile bwana shamba, mwalimu au bwana afya, aliweza kuomba mkopo wa kununulia chombo cha usafiri, baiskeli ikiwemo, kisha akakatwa kila mwezi. Ndipo tulipoziona Phoenix za kutoka China, na baadaye Swala zetu wenyewe, zilizoundwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Mkopo huu ulikuwa tofauti na kile kipande. Hapa mtu alipewa chombo kwanza, akakitumia, na deni likafuata nyuma.

Lakini deni nalo lina meno. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ndiyo maana ikatungwa mwaka 1970 sheria ya ukusanyaji wa madeni, ambayo watumishi wa umma wanaijua kwa jina la theluthi moja: makato yote yakijumlishwa, mtumishi hana budi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Na sheria ya ajira ya mwaka 2004 ikaongeza kwamba mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kwa ajili ya deni bila mfanyakazi mwenyewe kukubali kwa maandishi. Kila nikizisoma sheria hizi nauona mkono wa watu waliokumbuka kipande.

Sasa twende Uingereza, tuone hicho anachokisikia mwalimu wetu. Huko nako zamani mshahara ulichezewa. Matajiri waliwalipa wafanyakazi kwa bidhaa za duka lao wenyewe badala ya fedha, hata sheria ya mwaka 1831 ikapiga marufuku desturi hiyo katika kazi nyingi. Mwaka 1999 Bunge lao lilipitisha msamaha wa kodi kwa baiskeli za kwendea kazini. Mwajiri ananunua baiskeli na kumwazima mfanyakazi. Mfanyakazi anaachia sehemu ya mshahara wake kabla haujatozwa kodi, na kwa kuwa mshahara umepungua kwenye karatasi, kodi nayo inapungua. Muda ukiisha anaweza kuinunua kwa bei ndogo. Nia yao ilikuwa watu waache magari, wapumue hewa safi na wawe na afya.

Ni jambo zuri, sikatai. Lakini tazameni vifungo vyake. Kwanza, baiskeli ni mali ya mwajiri mpaka hapo mwisho, na ukiacha kazi katikati, aghalabu salio hukatwa katika mshahara wako wa mwisho. Pili, sheria hairuhusu mshahara ushuke chini ya kima cha chini. Kwa hiyo mfagizi anayelipwa kima cha chini, ambaye hana gari na ndiye anayeihitaji baiskeli kuliko meneja, hawezi kuingia. Meneja anaingia, na kwa kuwa kodi yake ni kubwa, ndiye anayeokoa zaidi.

Tupige hesabu kwa shilingi zetu. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kitu. Sehemu inayozidi hapo, mpaka 520,000, inatozwa asilimia 8. Sehemu inayozidi milioni moja inatozwa asilimia 30. Tuseme baiskeli ni shilingi 300,000, nasi tumeiga utaratibu wa Uingereza, mtu akatwe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Mkubwa wa ofisi angeokoa shilingi 90,000. Karani wa mshahara wa 400,000 angeokoa 24,000. Mlinzi wa usiku, anayetembea kwa miguu kutoka Ruhuwiko, asingeokoa hata senti moja, kwa sababu hana kodi ya kusamehewa. Tena mafao ya uzeeni huhesabiwa kutokana na mshahara, kwa hiyo ukiupunguza mshahara kwenye karatasi, huenda ukapunguza na uzee wako.

Na hapo tumezungumza juu ya wenye mshahara tu. Je, mkulima wa Namtumbo? Mama muuza ndizi wa soko kuu? Hawa hawana karatasi ya mshahara. Lakini historia ya hapa hapa inaonyesha kwamba wasio na mwajiri hawakukaa bure. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku waliunda chama chao cha ushirika, NGOMAT, Wangoni na Wamatengo pamoja. Fedha ya tumbaku ndiyo iliyomwezesha mtu kununua baiskeli bila kwenda mkonge. Leo vyama vya akiba na mikopo vinafanya kazi hiyo hiyo, vikiwa na viongozi waaminifu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hili. Serikali ikitaka kumsaidia mfanyakazi apate baiskeli, njia ya haki ni kuifanya baiskeli yenyewe iwe rahisi dukani, kwa kupunguza ushuru na kodi juu yake na juu ya vipuri vyake, ili nafuu imfikie mlinzi sawasawa na mkurugenzi. Tulishaanza njia hiyo mwaka 2003, ilipofutwa kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mdogo mdogo mwingi uliokuwa ukiwasumbua wananchi. Msamaha unaopitia katika karatasi ya mshahara humfikia kwanza yule ambaye tayari anacho.

Na mwajiri wako akikuletea fomu ya kukatwa, iwe ya baiskeli, ya pikipiki au ya bati za nyumba, usione haya kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Chombo ni cha nani mpaka deni liishe? Nikiacha kazi itakuwaje? Na kila mwezi nitabaki na shilingi ngapi za unga na ada ya mtoto? Manamba hawakupata nafasi ya kuuliza maswali hayo. Wewe unayo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.